Uwakala wa Simu Katika Nchi ya Unyanyembe

Uwakala wa simu ni kazi ya kupokea na kulipa fedha taslimu kwa niaba ya kampuni ya simu, kwa ujira unaohesabiwa muamala kwa muamala. Na katika mkoa wa Tabora, mjini na katika vitongoji vya jirani kama Kipalapala, hiyo ndiyo njia iliyo dhahiri kuliko zote ambayo kwayo makampuni ya kigeni ya mitambo na mawasiliano yamewafikia watu wa bara kwa habari ya riziki. Anayetaka kujua makampuni hayo yameleta kazi kiasi gani hawezi kuridhika na daftari lao la mishahara, kwa kuwa wengi wanaoyafanyia kazi majina yao hayamo humo. Sharti aulize mambo mawili zaidi, yaani mtaji unaoiendesha kazi ni wa nani, na khasara ikitokea humwangukia nani.

Kazi ya ijara inayoletwa na tajiri wa mbali si ngeni Unyanyembe, nchi ambamo mji wa Tabora umo. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, walikuta Waarabu wamekwisha kaa na nyumba zao za tembe, na njia ya Bagamoyo hadi Ujiji imekwisha kanyagwa na Wanyamwezi, ambao baada ya mavuno walishika safari ya pwani kwa maelfu, kila mpagazi na mzigo wake uliokadiriwa kuwa frasila mbili, yaani ratili sabini hivi. Ujira wao ulipatanwa kabla ya safari na aghalabu ulilipwa kwa nguo, na nguo iliyopendwa kuliko zote ni merikani, pamba nzito iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanya biashara wa Salem. Hivyo hata zama zile kiwanda cha ng'ambo, ambacho wenye nacho hawakupata kuiona Unyamwezi, kilikuwa kimeingia katika hesabu ya mshahara wa kijana wa Unyanyembe. Mali iliyobebwa haikuwa ya mpagazi. Tajiri wa msafara alikopa bidhaa kwa Wahindi wa Unguja, na mashuhuri miongoni mwao ni Tharia Topan aliyemkopesha Tippu Tip, mfanya biashara wa pembe za ndovu, na pembe hizo zikipotea njiani deni lilimwandama tajiri, siyo mchukuzi, ambaye akidhulumiwa posho yake aliweza kuutua mzigo na kwenda zake. Wala haifai kuisifu njia ile kupita kiasi: pamoja na wapagazi wa hiari walipita humo watumwa, ambao hakuna aliyepatana nao ujira.

Reli iliubadili mpango huo kwa muda wa miaka michache. Kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt, iliyopewa kazi ya kuijenga Reli ya Kati kuanzia 1905, iliifikisha Tabora 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ilitumia kwa wingi mikono ya Wanyamwezi, waliozoea safari ndefu na kazi ya kupatana. Reli ilipokwisha ikaua upagazi wa njia kuu, lakini ikazaa kazi nyingine ambazo Tabora haikuzijua, kama vile udereva wa garimoshi, ufundi wa karakana na ukarani wa stesheni. Na njia ya Mwanza ilipounganishwa mwaka 1928, Tabora ikawa njia panda na kituo kikubwa cha watumishi wa reli.

Kipalapala yenyewe ina ushahidi wa namna nyingine, nao unastahili kusimuliwa kwa utulivu. Katika miaka ya 1880 Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers na Lavigerie, walijenga hapo kituo cha kulelea watoto waliokombolewa utumwani, wakakiacha mwaka 1889 mambo yao na Isike, Mtemi wa Unyanyembe, yalipoharibika. Baadaye mahali hapo palirudiwa, ikawekwa seminari kuu, na pakawa pia makao ya mitambo ya kupigia chapa ya misheni, iliyojulikana kwa jina la T.M.P., ambayo kwa miaka mingi ilitoa katekisimu, vitabu vya sala, vitabu vya shule na vya hadithi kwa Kiswahili na kwa lugha za bara. Na gazeti la Kiongozi, la maaskofu wa Kikatoliki, lilianza Tabora mwaka 1950. Mashine zilitoka Ulaya, na maarifa ya kuziendesha yalikuja nazo. Lakini mpiga chapa hujifunza kazi yenyewe: kupanga herufi za risasi kinyumenyume, kupima wino, kusahihisha nakala ya kwanza, kushona kurasa na kujalidi. Huo ni ustadi unaokaa mkononi mwa mtu, anaoweza kuondoka nao akafungua duka lake Tabora au Mwanza, na kumfundisha mwanawe. Kwa sababu hiyo mwandishi wa makala haya huihesabu kazi ya chapa ya Kipalapala kuwa juu ya kazi nyingi zilizoifuata, ijapokuwa watu iliowaajiri hawakuwa wengi.

Simu za mkononi ziliingia Tanzania mwaka 1994 kwa kampuni ya Mobitel, tawi la Millicom iliyokuwa na makao Luxembourg, iliyokuja kuitwa Tigo na hatimaye, baada ya kuuzwa kwa kundi lililoongozwa na Axian la Bukini, yaani Madagaska, kuitwa Yas mwaka 2024. Vodacom ya Afrika Kusini ilianza kazi mwaka 2000. Celtel ikafuata, ikawa Zain, kisha ikaangukia mikononi mwa Bharti Airtel ya Uhindi mwaka 2010. Na mwezi wa Oktoba 2015 Viettel, kampuni ya jeshi la Vietnam, ikafungua Halotel, iliyojipatia sifa kwa kupeleka minara na nyaya katika vijiji ambavyo wengine waliviona havina faida. Serikali haikukaa kando. Ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa sheria ya mwaka 2006 ili kusaidia gharama za minara ya shamba. Ilijenga Mkongo wa Taifa wa mawasiliano, kwa mkono wa kampuni ya Kichina, kuanzia 2009. Na kwa sheria ya fedha ya mwaka 2016 iliyataka makampuni ya simu yauze robo ya hisa zao kwa umma, Vodacom ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2017.

Katika makampuni hayo yote wenye ajira ya kudumu, yaani wahandisi, wahasibu, wauzaji na wapokea simu za wateja, aghalabu hukaa Dar es Salaam. Tabora hupata tawi la mauzo na mafundi wachache. Mlinzi wa mnara, anayelala chini ya chuma kirefu katika pori la Sikonge au Urambo akilinda jenereta na mafuta yake, mara nyingi si mtumishi wa kampuni ya simu wala wa mwenye mnara. Minara mingi ya nchi hii imeuzwa kwa makampuni mengine ya kigeni, kama Helios Towers ya London, na ulinzi umepewa kampuni ya tatu, hata ikawa mlinzi akidai mshahara uliochelewa hupata taabu kujua mwajiri wake hasa ni nani.

Uwakala ulikuja na fedha za simu. M-Pesa, iliyobuniwa na Vodafone ya Uingereza pamoja na Safaricom, ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007 na Tanzania mwezi wa Aprili 2008. Zikafuata Tigo Pesa, Airtel Money na Halopesa. Kampuni isingaliweza kujenga tawi la benki katika kila kata, kwa hiyo ilimgeukia mwenye duka. Anayetaka uwakala huleta leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi na kitambulisho cha Taifa, kisha huweka mtaji wake mwenyewe, sehemu akiwa nao kwa noti na sehemu akiugeuza kuwa floti, ambayo ni fedha iliyomo ndani ya laini ya uwakala. Mteja akija kuweka, noti huongezeka kwa wakala na floti hupungua. Akija kutoa, floti huongezeka na noti hupungua. Jumla ya viwili hivyo haibadiliki, na faida yote ya wakala ni kamisheni, kiasi kidogo katika kila muamala, ambacho hukusanyika na aghalabu hulipwa mwisho wa mwezi. Kwa kuwa kamisheni ya kampuni moja haitoshi, meza moja huwa na simu nne au tano, kila moja na laini yake na rangi yake, na floti ya kila moja ni mtaji mbali.

Ustadi wa kazi hii ni wa kuyajua majira. Wakulima wanapolipwa tumbaku, Tabora nzima hutaka kutoa, na wakala asiyejiwekea noti za kutosha hulazimika kumwambia mteja wake neno linalomuuma kila mwenye meza, kwamba keshi hakuna, na mteja huyo pengine asirudi tena. Mwezi wa Januari, wazazi wanapotuma ada na nauli za wanafunzi, mambo hugeuka, floti ikawa ndiyo inayokwisha. Anayekaa kitongojini kama Kipalapala hukodi bodaboda kwenda mjini kwa wakala mkuu au benki akabadilishe kimoja kwa kingine, na nauli hiyo hukatwa katika kamisheni ile ile ndogo. Aghalabu mezani yupo binti au kijana aliyeajiriwa na mwenye mtaji. Huyo ni mwajiriwa wa mwajiriwa asiye mwajiriwa, na hakuna daftari la kampuni linalomjua.

Khasara nazo zina namna nyingi. Ipo noti bandia, ambayo kampuni haiitambui. Ipo namba iliyokosewa kwa tarakimu moja, fedha zikaenda kwa mtu asiyejulikana. Wapo wezi wanaozijua saa za kufunga duka. Nao wapo matapeli wa simu, ambao ujumbe wao wa kuomba fedha itumwe katika namba fulani umekuwa maarufu nchini kote, na ambao humwendea wakala kwa hila zaidi, wakijifanya watumishi wa kampuni ili awape namba yake ya siri. Katika mambo haya yote wakala yuko mahali ambapo mpagazi wa zamani hakuwapo: mpagazi alihatarisha mabega na afya yake, lakini pembe zilikuwa za mwingine, ilhali wakala hubeba mzigo wa kampuni kwa mtaji wake mwenyewe. Hilo halifanyi uwakala kuwa kazi mbaya. Wajane wengi, wastaafu wa reli na vijana waliomaliza shule bila ajira wamejenga nyumba kwa kamisheni. Lakini anayezihesabu meza hizo zote kuwa ajira zilizotolewa na kampuni huwapunja haki yao wale waliozitoa kweli, ambao ni wenye mitaji.

Udhaifu wa mahali alipo wakala ulionekana wazi mwaka 2021. Mwezi wa Julai mwaka huo Serikali ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu wakarudia desturi ya kumpa fedha dereva wa basi au ndugu anayesafiri, miamala ikapungua, na pamoja nayo kamisheni. Malalamiko yalipozidi tozo ilishushwa kwa asilimia thelathini mwezi wa Septemba, ikapunguzwa tena mwaka uliofuata. Ofisi za makampuni zilikuwa na njia nyingine za kupata fedha katika miezi ile. Meza za uwakala hazikuwa nazo.

Katika nchi za jirani mambo hayatofautiani sana kwa asili yake. Tangu 2015 fedha za M-Pesa zimeweza kutumwa baina ya Tanzania na Kenya, jambo lililowapa kazi mawakala wa mipakani. Congo ya Kinshasa nayo ina M-Pesa ya Vodacom tangu 2012. Nairobi, ambako makampuni makubwa ya Marekani yameweka ofisi zao za Afrika Mashariki, kumetokea kesi inayofundisha mengi: vijana wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika waliajiriwa na Sama, kampuni ya San Francisco, kuchuja picha na maneno mabaya ya Facebook, na walipolalamikia ujira na madhara ya kazi hiyo kwa nafsi zao, wakamshitaki Meta, mwenye mtandao, pamoja na Sama, Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mahakama ya Kenya ilikataa hoja hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwezi wa Septemba 2024. Suala lililokuwa mbele ya majaji hao ndilo lile la mlinzi wa mnara wa Sikonge: mwajiri ni nani.

Siku hizi kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi imepewa kandarasi ya reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, iliyotiwa saini mwezi wa Desemba 2021, na Wachina kipande cha Tabora hadi Kigoma. Na kazi ya mikono imerudi katika nchi ile ile iliyoijenga reli ya kwanza. Walipo vibarua na kambi, huzuka miavuli ya mawakala. Mchana wenye miavuli hiyo hungoja chini ya vivuli vya miembe, ambayo watu wa Tabora huisimulia kuwa kumbukumbu ya misafara. Na jioni, kabla ya kukunja meza, kila mmoja huhesabu noti zake, akafungua simu moja baada ya nyingine akajumlisha floti, na kulinganisha jumla na ile aliyoiandika asubuhi katika daftari lake la shule lenye karatasi za mistari.