Elite (mchezo wa kompyuta)

Elite ni mchezo wa kompyuta wa biashara ya angani uliotungwa na Waingereza wawili, David Braben na Ian Bell, na kutolewa na Acornsoft mwaka 1984 kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro. Mchezaji huanzia sayari ya Lave akiwa na chombo aina ya Cobra Mk III na krediti 100. Hununua chakula kwa bei nafuu kwenye sayari za kilimo, akakiuze kwenye za viwanda. Wenye tamaa ya utajiri wa haraka huchuuza dawa za kulevya, wakawindwa na polisi.

Kinachomtoa mgeni jasho ni kufunga gati. Kituo cha angani huzunguka muda wote, na chombo sharti kizunguke sambamba nacho ndipo kipenye kwenye mlango wake mwembamba. Ukipinda kidogo, umekwisha.

Kumbukumbu ya BBC Micro ilikuwa kilobaiti 32 tu, hivyo galaksi 8 zenye sayari 256 kila moja hazikuhifadhiwa, bali zilizalishwa kwa hesabu. Toleo la kaseti lilikuwa na mambo machache kuliko la diski. Kwenye toleo la kompyuta ya ZX Spectrum, ili kuthibitisha kuwa nakala yake ni halali, mnunuzi aliweka lenzi ya plastiki iitwayo Lenslok mbele ya skrini asome herufi za siri zilizovurugwa. Televisheni ikiwa kubwa au ndogo mno, hazikusomeka. Kero tupu kwa mtu aliyelipa.

Siku hizi njia nyepesi ya kuonja mchezo wa aina hii ni Oolite, mchezo huria uliofuata mfano wa Elite, unaopakuliwa bure kwa Windows, Linux na Mac. Nyongeza zake huwekwa kwenye folda ya AddOns.