Intaneti ya Bure ni ya Nani? Bustani za Mbeya na Iringa na Haki ya Mtu mwenye Ulemavu

Intaneti ya bure katika maeneo ya umma hupimwa kwa idadi ya vituo vilivyowashwa. Kifaa kikishafungwa juu ya nguzo na taa yake ikawaka, kituo huingizwa kwenye taarifa ya utekelezaji na suala likahesabiwa limekwisha. Makala haya yanaipinga hesabu hiyo. WiFi ya bustani haijawa ya umma mpaka asiyeona, kiziwi na anayetumia kiti cha magurudumu waweze kuifikia na kuitumia bila kumwomba mtu awashikie simu. Anayeweza kulihakikisha hilo, tena kwa gharama ndogo, ni halmashauri yenye bustani, na wakati wake ni kabla mkataba haujasainiwa.

Mbeya na Iringa zinaipa hoja hii uzito ambao miji ya tambarare haina. Mbeya imelala chini ya mlima Loleza, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari; Iringa imekaa juu ya genge linaloutazama Mto Ruaha Mdogo. Ni miji ya kupanda na kushuka, na mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili hulazimisha mitaro mirefu kando ya barabara. Mtaro ni jambo jema, maana bila huo barabara ingeondoka na maji. Lakini mtaro usio na mfuniko ndio unaosimama kati ya mtu wa kiti cha magurudumu na lango la bustani, na ubao uliotupwa juu yake ili watu wavuke hauwezi kuitwa daraja kwa mtu huyo, wala kwa mwenye fimbo nyeupe.

Mtaro huo ni wa nani? Ukiwa kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, uko chini ya Wakala wa Barabara (TANROADS). Ukiwa kwenye mtaa wa ndani, ni wa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa 2017. Bustani yenyewe ni ya halmashauri. Mawimbi yanayoruka ndani yake ni ya kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Kila mmoja anaweza kutimiza wajibu wake wote kwa uaminifu, na bado mtu yule akabaki ng'ambo ya mtaro. Hapo hakuna mwovu wa kumlaumu, na ndiyo maana tatizo linadumu.

Sheria haijakosekana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Ibara ya 9 ya mkataba huo inastahili kusomwa kwa utulivu, kwa sababu inayataja majengo, barabara, usafiri, habari na teknolojia ya mawasiliano kwa pamoja, kama sura za haki ileile ya kufikia. Utawala wetu ndio uliozigawa na kuzipeleka kwenye ofisi tofauti. Wala watu wenyewe si wachache: Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 11 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani.

Tuseme mtaro umefunikwa na mtu amefika kwenye benchi. Sasa anakutana na kizuizi ambacho mhandisi wa barabara hakioni: ukurasa wa kuingilia. WiFi nyingi za umma hazifunguki mpaka mtumiaji ajaze namba ya simu, asubiri namba ya siri kwa ujumbe mfupi, aiandike kabla muda haujaisha, kisha akubali masharti. Asiyeona anayetumia simu ya Android huwa na programu ya TalkBack inayomsomea kilichoko kwenye skrini. Programu hiyo hutegemea jina ambalo mtengenezaji wa ukurasa amekipa kila kitufe. Kwa kitufe kilichochorwa kama picha bila maandishi, mara nyingi yeye husikia "kitufe" basi, bila kujua ni cha kukubali au cha kughairi. Sekunde 60 za kuandika namba ya siri zinamtosha anayeona. Anayelazimika kutoka kwenye ukurasa, kusikiliza ujumbe, kisha kurudi na kutafuta kisanduku kwa kidole, muda humwishia njiani. Na ukiwekwa mtihani wa kuchagua picha zenye taa za barabarani, bila njia mbadala ya sauti, huyo amefungiwa nje kabisa.

Vipimo vya kuepusha haya viko wazi na havilipiwi. Shirika la W3C limekuwa likichapisha miongozo ya WCAG ya ufikivu wa tovuti tangu 1999, na toleo la 2.2 lilitoka 2023. Kenya ilikwenda mbali zaidi mwaka 2022 kwa kupitisha kiwango chake cha kitaifa cha ufikivu wa teknolojia, KS 2952. Jiji la New York nalo lilijifunza kwa gharama kubwa zaidi: mwaka 2016 lilianza kubadilisha vibanda vya simu kuwa vituo vya WiFi ya bure vya LinkNYC, na mwaka huohuo chama cha kitaifa cha wasioona kikaenda mahakamani kwa sababu wanachama wake hawakuweza kuvitumia. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2017, na vituo vikarekebishwa baada ya fedha kutumika. Miji yetu haina bajeti ya kujenga mara mbili.

Kuhusu viziwi, hoja ni ya kasi. Iringa inaijua jamii hii vizuri kuliko miji mingi nchini: tangu 2003 kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kimeajiri watu wenye ulemavu, na mgahawa wake umezoesha wateja kuhudumiwa na viziwi. Kwa anayezungumza Lugha ya Alama ya Tanzania, simu ya video ndiyo simu yenyewe. Watoa huduma hupenda kubana video ili watu wengi wagawane mkondo, na hubana zaidi upande wa kupakia, kwa dhana kwamba mtumiaji wa bustanini hupokea tu. Kanuni hiyo inaonekana haibagui, maana inamhusu kila mtu. Matokeo yake ni kwamba mimi nitampigia ndugu yangu wa Makambako kwa sauti bila shida, wakati kiziwi aliye benchi la pili anaona mikono ya mwenzake ikiganda hewani. Kiwango cha chini cha kupakia kingepaswa kuandikwa kwenye mkataba kwa jina hilo: mawasiliano ya lugha ya alama.

Wapo watakaosema bustani hizo hazina hata vyoo, na mimi nazungumzia vitufe. Pingamizi hilo ni la haki. Sidai kwamba WiFi itangulie choo. Nadai kwamba pale halmashauri inapokuwa tayari imeamua kuiweka, tofauti ya gharama kati ya ukurasa unaofikika na usiofikika ni ndogo mno ikiwa sharti limo kwenye zabuni, na kubwa ikiwa limekuja baadaye. Kufunika mtaro ni gharama halisi, sikatai. Lakini hapo palipo na mfuniko tayari ndipo kifaa kingefungwa kwanza, badala ya kuchagua nguzo kwa ukaribu wa umeme peke yake.

Nyenzo za kisheria ziko mkononi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na hakuna kinachozuia sheria ndogo ya bustani kutamka masharti ya njia, ukurasa na kasi kwa pamoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo itazingatiwa: mtu asilazimishwe kutangaza ulemavu wake ili apate muda wa ziada, bali muda uwe mrefu kwa wote. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, ingeweza kuwezesha kikundi kinachosimamia kituo na kuuza huduma za kuchaji simu hapohapo. Ni biashara ya kawaida kabisa, na msimamizi anayetumia TalkBack mwenyewe atagundua hitilafu kabla ya mhandisi.

Linalobaki gumu ni ukaguzi. Wakaguzi wetu wanajua kupima zege na nyaya, ukurasa hawajafundishwa. Ningependekeza hati ya kupokea kazi isisainiwe mpaka wanachama wa Chama cha Wasioona (TLB), Chama cha Viziwi (CHAVITA) na watumiaji wa viti vya magurudumu wamefika bustanini, wakaingia mtandaoni wenyewe, na wakalipwa posho kama wakaguzi wengine. Jaribio hilo lirudiwe kila kampuni inapobadilisha ukurasa wake, maana kurasa hizi hubadilishwa kila linapokuja tangazo jipya, na malipo ya mwezi yasitoke mpaka lifanyike.