Usharika wa Kimethodisti wa Ribe: Kutoka Kituo cha Safari hadi Makimbilio ya Watoro, 1862–1907

Insha hii inajadili chimbuko na dhima ya usharika wa Kimethodisti wa Ribe, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Hoja yake ni kwamba dhima hiyo haikuamuliwa na waliotuma wamisionari peke yao. Iliamuliwa pia na waliobisha hodi.

Kwa waanzilishi, Ribe haikuwa mwisho wa safari. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alidhamiria kuwafikia Waoromo, ambao wakati huo waliitwa Wagala. Kitabu chake cha safari kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1860 kiliwachochea Wamethodisti wa makanisa huru ya Uingereza. Mwaka 1862 Krapf mwenyewe aliwasaidia wajumbe wao, akiwemo Thomas Wakefield, kuanzisha kituo Ribe. Charles New aliungana nao mwaka 1863. Wakefield alikusanya habari za njia za misafara, hasa kutoka kwa Sadi bin Ahedi, naye New aliifikia theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871. Ribe, basi, ilikusudiwa iwe mlango wa kuelekea kwa wengine. Hata hivyo, kituo cha Golbanti kwenye Mto Tana kilipata pigo mwaka 1886, pale John Houghton na mkewe walipouawa.

Wakati macho ya wamisionari yakielekea Tana, watoro kutoka mashamba ya pwani walikuwa wakiingia vituoni. Mkataba wa 1873 ulifunga masoko ya watumwa, lakini haukuufuta utumwa wenyewe. Kwa hiyo misheni ilibanwa pande mbili: kumpokea mtoro kulikuwa kuingilia kile ambacho sheria ya nchi ilikihesabu kuwa mali ya bwana wake, kumrudisha kulikuwa kuyakana mahubiri yake yenyewe. Mwaka 1888 mabwana walidai watu wao. George Mackenzie, wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliamua kuwalipa fidia kwa ajili ya watoro wa Rabai na wa vituo vya Kimethodisti, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zilitolewa Rabai.

Suluhisho hilo lina utata usiopaswa kufichwa. Fidia iliwakomboa watu hao, lakini papo hapo ilikiri kwamba bwana alistahili kulipwa. Utumwa uliendelea kutambuliwa kisheria katika ukanda wa pwani hadi mwaka 1907.

Insha hii inahitimisha kwamba kuisoma Ribe kupitia shajara za wamisionari pekee ni kuihesabu kuwa safari iliyokwama. Ikisomwa kwa upande wa watoro, Ribe ndiyo mahali safari yao ilipofika. Kwa mtazamo huo, mtoro anastahili kuhesabiwa miongoni mwa waasisi wa usharika, si miongoni mwa waliohudumiwa tu.