Fanya juu: Machakos ilivyotangulia wahandisi

Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima ilipoingia gizani, nilikumbuka istilahi inayotutoa jasho sisi watafsiri. Ni mbinu ya kuendesha mitandao mikubwa, iwe ya umeme au ya mifereji ya maji: kila kituo hubashiri yajayo, huwajulisha majirani, huchukua hatua moja, kisha hupima na kubashiri tena. Hakuna kituo kimoja kinachoamuru vyote. Tuiiteje?

Wengi wetu tungekimbilia "udhibiti gatuzi", neno tulilolizoea tangu Katiba ya 2010. Mimi nasema, hebu tupitie Machakos kwanza.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ikihofia mmomonyoko wa udongo, iliamuru mifugo ya Wakamba ipunguzwe kwa lazima. Muindi Mbingu akawaongoza watu hadi Nairobi kulalamika. Amri ililegezwa, ila yeye akahamishiwa Lamu.

Kilichookoa vilima vile hatimaye ni "fanya juu": unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu wa mteremko, tuta linazuia maji. Serikali ilitoa ushauri, na shuruti pia, lakini kazi ilishika mizizi kupitia mwethya, vikundi vya majirani wanaosaidiana. Utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki wa 1994 ulionyesha kuwa tangu miaka ya 1930 watu wa Machakos waliongezeka takriban mara tano, na bado mmomonyoko ukapungua. Leo wataalamu wasiojua Kiswahili hutamka "fanya juu" bila kuitafsiri.

Sisemi ati tuta ni kompyuta. Lakini mtaro huchimbwa kabla ya mvua, na baada ya msimu hukaguliwa na kukarabatiwa. Tena tuta la juu likipasuka, la chini nalo limekwenda. Kwa hiyo jirani hana budi kusema na jirani.

Hapo ndipo "ugatuzi" unapopwaya. Kugatua ni kugawa madaraka. Waliogawiwa wanaweza kila mmoja kufanya yake kimyakimya, na mtandao ukaanguka. Mbinu hii inataka wasemezane. Napendekeza basi "udhibiti bashiri shirikishi". Neno la mwisho ndilo linalobeba mzigo, na Wakamba waliliishi kabla yetu kulitafutia tafsiri.