Umri wa Kasiba: Silaha Kongwe katika Nchi ya Simiyu

Nchi inayopitiwa na mto Simiyu, ambamo leo umo mji wa Bariadi na ambamo zamani ilistawi himaya ya Ntuzu, haikuwa katika njia kuu ya misafara ya pwani. Njia hiyo ilipita Tabora, ikagawanyika kwenda Ujiji na kwenda Karagwe hadi Buganda. Usukuma wa mashariki ulibaki kando, nchi ya ng'ombe na mtama, wenyeji wake wakitegemea upinde na mkuki. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874 na kuifuata nchi hii mpaka Kagehyi, ukingoni mwa Ziwa Victoria, mwezi wa Februari 1875, aliudhani Simiyu kuwa ndio chimbuko la kusini kabisa la mto Naili. Wapagazi wake walibeba bunduki, na miongoni mwake zilikuwamo Snider.

Bunduki hiyo ya Snider yafaa itazamwe kwa makini, maana ndani yake imefichwa habari nzima ya maisha marefu ya silaha. Haikuundwa upya tangu mwanzo. Waingereza walikuwa na bunduki ya Enfield ya mwaka 1853, iliyoshindiliwa kwa mdomo. Mwaka 1866 walipotaka bunduki inayotiwa risasi kwa nyuma, hawakuitupa ile ya kale, bali walimkata kitako cha kasiba fundi akatia mlango wa chuma. Kasiba ikawa ile ile na kazi ikawa nyingine. Baada ya vita vya mwaka 1866, ambapo Prussia iliishinda Austria kwa bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma, kila serikali iliona haya kubaki na silaha za kushindilia. Maghala yalifunguliwa, wafanya biashara wakanunua kwa bei ya chuma kikuukuu, na majahazi na meli zikaelekea Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia pwani ya Afrika Mashariki kila mwaka.

Kwa hiyo gobori, au gobore kama wengi wa leo wasemavyo, mara nyingi lilifika bara likiwa tayari ni mzee. Lilikwisha kutumikia jeshi moja au mawili kabla ya kuwa ujira wa mpagazi wa Kinyamwezi au wa Kisukuma. Wazungu walioliona mikononi mwa watu walilicheka. Kicheko hicho hakikuwa na busara nyingi, kwani kitu walichokiita takataka kiliendelea kupiga hata baada ya dola yao wenyewe kuondoka.

Sababu ya kudumu huko ni nyepesi kueleza. Baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura sehemu 75, makaa 15 na kibiriti 10, husukuma risasi kwa nguvu ndogo ikilinganishwa na baruti isiyo na moshi aliyoivumbua Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884. Moto wake si mkali wa kutosha kuyeyusha na kula uso wa chuma. Kasiba ya gobori ni nene, haina mifereji ndani, na risasi yake ni ya madini laini yasiyoweza kuukwaruza ukuta wake. Bunduki ya kisasa yenye baruti kali huanza kulika kooni, pale risasi inapoingia katika mifereji, na mlengaji mwenye jicho zuri hutambua kuwa shabaha imepotea hali chuma chaonekana kizima. Gobori halina shabaha ya kupoteza. Udhaifu huo ndio uliolipa umri.

Adui wake wa kweli ni majivu. Zaidi ya nusu ya baruti nyeusi haigeuki kuwa hewa. Hubaki kama masizi na chumvi zinazovuta unyevu. Gobori likipigwa jioni ya masika na kuachwa hivi hivi, asubuhi kutu imekwisha kuota. Dawa yake ni maji ya moto, ambayo huyeyusha chumvi, kisha kitambaa kikavu, kisha mafuta yasiyo na chumvi. Mwenye kujua aliosha siku ile ile. Asiyejua alirithisha wanawe bomba lililotoboka. Wala kupasuka kwa magobori, ambako kulitisha watu wengi, hakukutokana na uzee peke yake. Katika Birmingham kulikuwako tangu mwaka 1813 nyumba ya kuzijaribu kasiba kwa kuzitia baruti kupita kiasi, na iliyostahimili ilipigwa muhuri. Lakini hata kasiba yenye muhuri hupasuka mtu akizidisha baruti, au akiiacha risasi njiani isifike chini, pakabaki nafasi kati yake na baruti. Mdeki uliosahauliwa ndani ya mdomo umeua watu.

Sehemu iliyochakaa upesi ilikuwa mtambo. Kamani ilichoka au ikakatika, gumegume likapoteza makali, na katika bunduki za fataki ile chuchu ndogo ya moto ikaliwa. Kitako kilivunjika, seremala akachonga kingine. Hivyo gobori la miaka mingi laweza kuwa na kitako cha tatu na mtambo wa pili juu ya kasiba ya kwanza. Habari hii haiwahusu watu wa bara peke yao. Walengaji wa shabaha wa mashindano, wenye bastola za kipimo cha .22 zilizoundwa kwa uangalifu mkubwa, huyaona yayo hayo: kasiba hustahimili makumi ya maelfu ya risasi, kwa kuwa risasi ni laini na nguvu ni ndogo, bali kamani, sindano ya kupigia na ndoano ya kutolea ganda hubadilishwa mara kwa mara. Tena hao husema kwamba mdeki wa chuma unaosuguliwa ovyo huharibu mdomo wa kasiba kuliko risasi zenyewe. Hapo mwindaji wa Ntuzu na mlengaji wa Ulaya wasingekosa la kuzungumza.

Sheria nayo ililisaidia gobori, ingawa haikukusudia. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji na kwa baruti ya kawaida. Lengo lilitajwa kuwa ni kukomesha biashara ya watumwa. Matokeo yake yalikuwa kwamba Mwafrika aliruhusiwa silaha ambayo askari wa dola hakuiogopa, na silaha hiyo ikapewa uhai mpya kwa kukosa mwenzake wa kuishindania. Mwezi wa Januari 1893, Isike wa Unyanyembe alipozingirwa na Wajerumani katika boma lake la Tabora, hakukosa baruti. Aliilipua ghala yake akiwa ndani.

Wajerumani wenyewe walionja uchungu wa silaha inayokataa kufa. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wao zilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye baruti nyeusi. Bunduki hizo zilikuwa nzima. Lakini kila mpigo ulitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali pa kupiga. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 waliokota bunduki 455 za Waingereza, wakafurahi kupita kiasi. Moshi, wala si kutu, ndio uliozeesha Mauser.

Katika Usukuma karne iliyofuata, mambo mawili yalilibana gobori: kibali na pori. Hifadhi ya Serengeti ilipotangazwa mwaka 1951 na pori la akiba la Maswa mwaka 1962, mipaka ya uwindaji ilisogea mpaka milangoni mwa watu wa Bariadi na Meatu, na chombo kilichokuwa cha kuwinda kikawa ushahidi wa hatia. Kisha baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki za kivita zilienea mikononi mwa wezi wa ng'ombe. Hizo zina uhai wa namna nyingine: ndani ya kasiba ya AK-47 hupakwa kromu ili chumvi za fataki zisile chuma. Lakini hula risasi ambazo fundi wa kijiji hawezi kuziunda. Ajabu ni kwamba Sungusungu, walioanza kiasi cha mwaka 1981 na 1982 katika sehemu za Kahama na kuenea Usukuma wote, hawakulirudia gobori. Walishika upinde na mishale ya sumu, silaha iliyotangulia zote, isiyohitaji kibali wala duka.

Magobori ya leo yanayokamatwa na askari wa wanyama pori mara nyingi si yale ya Birmingham. Hufuliwa kwa mabomba ya maji na vyuma vya usukani wa magari, vyuma ambavyo havikukusudiwa kuzuia moto wa baruti, na ambavyo havikupita katika nyumba yo yote ya majaribio. Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 ilizitaka nchi za eneo hili, Tanzania ikiwamo, zitie alama katika kila silaha, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ikakaza usajili. Gobori la kale, likitolewa darini na kusuguliwa, huenda likaonyesha bado muhuri wa mji lilikotoka. Lile la bomba halina alama yo yote, na aijuaye siku ya kuzaliwa kwake ni fundi aliyelifua.