Maua ya Mlangoni na Miti ya Unyamwezi

Ipuli ni kata ya Tabora, mji uliokua juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Richard Burton na John Speke walipofika huko mwaka 1857, mji ukiitwa Kazeh, waliwakuta wafanya biashara Waarabu wamekwisha kufanya makao. Pamoja na nguo na shanga, watu wa pwani walileta desturi ya mlango wa nakshi. Tembe la Kwihara, walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ni makumbusho sasa, na milango yake ya nakshi yaikumbusha desturi hiyo.

Mafundi wa nakshi, kwa kufuata adabu ya Kiislamu, waliepuka kwa kawaida kuchonga sura za wenye roho, wakageukia mimea. Katika milango ya pwani, kizingiti cha juu, miimo na mfaa vilijaa waridi, yungiyungi na makuti ya mtende. Pambo hilo lilikuwa la watu wote, kwa maana lilielekea njiani: hata asiyeruhusiwa kuingia aliweza kulisoma.

Lakini lilisomeka nini? Lilimtukuza mwenye mali. Na mali hiyo ilitokana na pembe za ndovu na watumwa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, waliobeba mizigo kwa miezi kupita katika misitu ya miyombo na mininga. Miti iliyowapa kivuli na asali haikuchanua mlangoni. Heshima ya nakshi ilibaki kwa mimea ya mbali.

Utawala ulipobadilika, ilikuja nyumba ya namna nyingine. Mwaka 1922 serikali ya Kiingereza ilianzisha Shule ya Tabora, iliyokusudiwa hasa wana wa watemi. Nyumba hiyo ilikuwa ya watoto, ila si ya kila mtoto. Azimio la Musoma la mwaka 1974 ndilo lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote, na shule zikaenea mitaani na vijijini.

Katika shule hizi kuta zimekuwa mahali pa sanaa. Penye madarasa ya watoto wadogo huchorwa embe, nanasi na ndizi, kila tunda na herufi yake. Embe lina haki ya kuwapo: miembe ni ukumbusho wa misafara iliyoipanda njiani. Hata hivyo, kama ilivyokuwa kwa mlango, ukuta nao huelekea kuusahau msitu ulio karibu.

Mtoto wa Ipuli anastahili zaidi ya hayo. Tunda la mninga ni duara lenye ubawa mwembamba pande zote na miiba katikati. Ni waridi lililochongwa na maumbile yenyewe. Majani machanga ya mtundu huwa mekundu kabla ya mvua. Magome ya miyombo yamefanywa mizinga ya nyuki tangu zamani. Haya yakichorwa penye mlango wa darasa, kando ya embe na yungiyungi, historia haitafutwa bali itatimizwa: mjukuu wa mpagazi ataingia katika nyumba inayoutambua mti wa babu yake, naye atajua bila kuambiwa kwamba nyumba hiyo ni yake.