Simba mwenye jina, marehemu wasio na majina

Ukisoma gazeti leo, hebu angalia kitu kimoja kidogo: mnyama akitajwa, anapewa kitenzi gani? Tembo "wamevamia" shamba. Ndicho kitenzi kilekile wanachopewa majambazi wenye mapanga. Lugha hii ina historia, na tunaweza kuianzia Tsavo.

Mwaka 1898 reli ya kutoka Mombasa ilifika mto Tsavo. Kwa miezi kadhaa simba dume wawili walikuwa wakiwakamata na kuwala wafanyakazi wa daraja, mpaka mhandisi John Henry Patterson alipowaua mwezi Desemba. Kitabu chake cha mwaka 1907, *The Man-Eaters of Tsavo*, kiliwabatiza jina lililobaki hadi leo: wala watu. Yaani kama vile ndiyo kazi waliyozaliwa nayo. Uchunguzi wa fuvu uliofanywa baadaye sana ulionyesha kwamba mmoja wao alikuwa na chonge lililovunjika na usaha kwenye mzizi wake. Simba mwenye jino bovu hapambani na nyati kirahisi.

Sasa tazama hesabu. Patterson anataja Wahindi 28 waliouawa, halafu anaongeza Waafrika wengi ambao hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Simama hapo kidogo. Simba walipimwa urefu, na ngozi zao zikaja kuuzwa kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, ambako wapo mpaka sasa. Waafrika waliokufa hata idadi hawana. Baadaye Patterson alipandisha jumla hadi 135; mwaka 2009 watafiti waliopima kemikali za mifupa na manyoya ya simba wale walikadiria watu kama 35.

Ruka hadi Julai 2015, Zimbabwe. Mwindaji wa Kimarekani anamuua simba aliyevishwa kola ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Huyu ana jina: Cecil, la Cecil Rhodes (mkoloni gani mwingine angefaa?). Safari hii simba ndiye marehemu na binadamu ndiye muuaji. Dunia ikalia. Goodwell Nzou, Mzimbabwe aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu Marekani, aliandika kwenye *New York Times* kwamba kijijini kwao simba alikuwa kitisho, si kipenzi, akashangaa kwa nini Wamarekani wanawajali wanyama wa Afrika kuliko watu wake.

Mimi naona Nzou alikuwa na haki ya kushangaa, ingawa hilo halimfanyi simba kuwa jambazi.

Kwetu Tanzania lugha rasmi inasema "wanyamapori wakali na waharibifu". Tembo akila mahindi yako, serikali inakupa kifuta jasho. Akimuua ndugu yako, mnapewa kifuta machozi. Angalia majina hayo vizuri. Yanazungumzia kufuta tu, na wala hayaitwi fidia, kwa sababu fidia hulipwa na mwenye kosa.